Lori la Eksirei Mererani

Lori limeegeshwa kwenye uwanja wa mpira, nyuma ya goli lisilo na nyavu. Ni jeupe, refu, na limeinuka kutoka ardhini kiasi kwamba wagonjwa hupanda kwa ngazi ya chuma. Jenereta inanguruma pembeni. Moshi wake wa dizeli unachanganyika na harufu ya chapati zinazokaangwa ng'ambo ya barabara, na upepo ukigeuka vyote viwili humezwa na vumbi. Ni saa mbili asubuhi, jua limeshakuwa kali. Foleni ya wanaume imezunguka nusu ya uwanja na kukatika chini ya mgunga, kwa kuwa kila anayefika hapo hukaa kivulini na kushika nafasi yake kwa mdomo.

"Mimi niko nyuma ya huyu mwenye shuka."

"Na mimi nyuma yako, kaka. Usije ukanikana."

Mererani iko wilayani Simanjiro, mkoa wa Manyara, kusini mwa uwanja wa ndege wa Kilimanjaro. Barabara ya lami inakata nyika kavu, mlima ukiwa mgongoni mwa msafiri, mpaka mji unapoanza: mabati, baa, maduka ya vipuri, na vijana waliosimama vikundi vikundi wakikagua kokoto kwenye viganja. Hao ni madalali. Tanzanaiti iligunduliwa hapa mwaka 1967, na mpaka leo hakuna mahali pengine duniani inapochimbwa. Eneo lenye jiwe hilo lina urefu wa kilomita chache tu, na tangu 2018 limezungushiwa ukuta wa kilomita zaidi ya 24. Kutoka uwanjani ukuta unaonekana kwa mbali, mstari wa kijivu unaopanda na kushuka pamoja na vilima.

Wanaume walio kwenye foleni wametoka nyuma ya ukuta huo. Wanaitwa wanaapolo. Baadhi wamepanda moja kwa moja kutoka zamu ya usiku, mwili mzima umepakaa grafaiti, vumbi jeusi lenye mng'ao linalokaa pamoja na tanzanaiti kwenye mwamba. Limeingia kwenye nyusi, kwenye mikunjo ya shingo, kwenye kingo za kucha. Mmoja alipojifuta jasho usoni kwa nyuma ya mkono, ngozi haikuonekana; vumbi lilihama tu kutoka shavuni kwenda kwenye paji. Wanakohoa. Si wote kwa pamoja. Anaanza mmoja karibu na ngazi, anafuata mwingine chini ya mti, kisha inabaki sauti ya jenereta peke yake.

Grafaiti inaonekana, na kwa kuwa inaonekana ndiyo inayolaumiwa. Lakini vumbi baya zaidi ni lile ambalo macho hayalioni. Drili inapotoboa mwamba wenye silika, hutoka chembe ndogo sana, ndogo kiasi cha kupita puani na kooni bila kunaswa, zikaenda kutua kwenye vifuko vya hewa ndani kabisa ya mapafu. Seli zinazolinda mapafu huzimeza chembe hizo na kufa. Panabaki kovu, na penye kovu hewa haipiti. Huo ni ugonjwa wa silikosisi, na hauna dawa. Seli hizohizo ndizo zinazotegemewa kuwazuia bakteria wa kifua kikuu, kwa hiyo mchimbaji mwenye silika kifuani yumo katika hatari ya TB mara kadhaa zaidi kuliko mtu mwingine. Tena shimoni hewa ni finyu, joto ni kali, na watu wanafanya kazi bega kwa bega. Mwenye TB akikohoa, wenzake wanavuta.

Jambo jingine nililielewa nilipokaa nao kivulini. Wengi hawana mshahara. Mwenye mgodi anawalisha na kuwapa vifaa, na siku jiwe likitoka wanapata mgao. Miezi inaweza kupita bila kitu. Asiyekuwepo siku hiyo anaweza kukosa fungu lake.

"Mwenzetu mmoja alimsindikiza mkewe kliniki," kijana aliyekuwa akitafuna muwa aliniambia. "Siku hiyohiyo wakatoa. Hakupata hata mia."

Mtu wa namna hii ukimwambia aende hospitali ya wilaya kupiga picha, arudi kesho kuchukua majibu, kisha keshokutwa alete makohozi, ni sawa na kumwambia asiende. Ndiyo maana nilipopanda ile ngazi ya chuma kwenda kutazama mitambo, nilichokuwa napima moyoni ni muda: kila kifaa kinampunguzia mchimbaji saa ngapi, siku ngapi za kuwa nje ya shimo.

Ndani kuna baridi ya kiyoyozi na harufu ya spiriti. Chumba kimegawanywa kwa ukuta wenye bamba la risasi na kidirisha cha kioo kizito. Upande mmoja amekaa mtaalamu wa mionzi, mama wa makamo aliyefunga kitambaa cha kitenge kichwani. Upande wa pili kuna bamba bapa, upana wake kiasi cha kifua cha mtu, limeshikiliwa na nguzo. Mchimbaji anavua shati. Anaambiwa avue na mkufu. Kwenye mkono wake wa kulia, karibu na bega, kuna kovu dogo la mviringo, alama ya chanjo ya BCG aliyochanjwa akiwa mtoto mchanga. Karibu kila anayepanda humu anayo. Chanjo hiyo ilianza kutumika mwaka 1921 na inawakinga watoto na TB kali, ila kwa mtu mzima nguvu yake ni ndogo. Nyingine mpya ilianza mwaka 2024 kufanyiwa majaribio ya mwisho kwa watu wazima na vijana, Kenya ikiwa miongoni mwa nchi zinazoshiriki. Jaribio la awali lilionyesha kwamba inapunguza ugonjwa kwa karibu nusu. Kwa wanaume hawa, nusu ni wengi sana.

Anakumbatia bamba, kidevu juu, mabega mbele.

"Vuta pumzi, baba. Nyingi. Ibane hapohapo."

Mlio mfupi.

"Haya, pumua."

Ameshamaliza. Mionzi aliyopata ni kidogo, karibu sawa na ile ambayo kila mmoja wetu huipokea kutoka ardhini na angani kwa siku kumi hivi za maisha ya kawaida. Kabla hajafunga vifungo vya shati, mapafu yake yako kwenye skrini.

Mionzi hii iligunduliwa Ujerumani mwaka 1895, na kwa miongo mingi iliyofuata picha yake ilikuwa filamu: kaseti, chumba cha giza, beseni za dawa, karatasi nyeusi zilizoning'inizwa zikauke. Mama huyu alianza kazi enzi hizo. Vidole vyake, anasema, vilikuwa vinanuka dawa hata akiwa mezani kwake anakula. Mgonjwa akitikisika, filamu imeharibika, na inapogundulika mgonjwa yuko nusu ya njia kurudi kwao. Sasa akitikisika anarudia palepale.

Picha ya kifua kizima inapendeza hata kwa asiye mtaalamu. Mbavu zimepangana, moyo umeegemea kushoto, na mapafu ni meusi pande zote mbili kwa sababu hewa haizuii mionzi. Weupe mahali pasipostahili ndiyo habari. Programu ya kompyuta, iliyofundishwa kwa maelfu na maelfu ya picha za vifua, hupitia picha kwa muda mfupi, hupaka rangi sehemu inazozitilia shaka, kisha hutoa namba. Namba ikivuka kiwango kilichowekwa, mtu anapelekwa moja kwa moja kutoa makohozi. Tangu 2021 miongozo ya kimataifa inakubali programu za aina hii zisome picha za watu wenye miaka 15 na kuendelea, badala ya daktari wa radiolojia. Hapa uwanjani daktari huyo hayupo.

Nilipewa kiti kidogo nyuma ya mama, picha zikawa zinapita. Safi. Safi. Moja ikaonyesha ubavu uliovunjika zamani ukaunga vibaya. Mwenyewe alisema aliangukiwa na jiwe. Safi tena. Halafu ikaja ya mwanamume aliyesema ana miaka 41, mrefu, mkimya, aliyekuwa ameshikilia kofia yake kwa mikono miwili. Sehemu ya juu ya mapafu yake, kulia na kushoto, ilikuwa na vidoa vyeupe visivyohesabika, kama unga wa sembe ulionyunyizwa kwenye ubao wa darasani. Programu ilipaka nyekundu karibu kote. Namba ikapanda juu kabisa.

Mama hakusema kitu. Alikuza picha, akaisogeza kushoto, akaisogeza kulia, akairudisha.

"Mashine inaona kivuli," alisema baadaye. "Haijui kama hii ni TB ya leo, kovu la TB ya zamani, au ni vumbi la jiwe. Mimi mwenyewe kwa picha peke yake siwezi kuapa."

Sifa za programu hizi za akili mnemba zinahitaji kusemwa pamoja na hili. Vidoa vya silikosisi na madoa ya TB hupenda sehemu zilezile za juu, na kwenye vifua vya wachimbaji kompyuta huchanganya. Itawapeleka kwenye makohozi baadhi ya watu wasio na TB. Mimi naona ni heri iwe hivyo. Anayepelekwa bure anapoteza saa mbili. Anayeachwa kimakosa anarudi shimoni na bakteria wake. Tena tafiti za kuwahesabu wagonjwa ndani ya jamii, Afrika na Asia, zimeonyesha kwamba karibu nusu ya wenye TB hawajioni kuwa wana dalili yoyote. Hao, bila picha, hakuna ambaye angewauliza kitu.

Makohozi hutolewa nje, nyuma ya turubai lililotandazwa upande ambao upepo unatoka kwa watu na kwenda nyikani. Muuguzi anampa kila mtu kikopo chenye kifuniko. "Nataka ya kutoka ndani, siyo mate," anasema, na anaonyesha kwa mkono kifua chake mwenyewe, chini kabisa. Mtu anainama, anashika magoti. Mwenye miaka 41 alikaa huko muda mrefu. Alirudi macho yamejaa machozi ya kukohoa, akakabidhi kikopo kwa aibu, akakaa chini kwenye kivuli cha lori.

Mashine ya kupimia haitaki joto linalozidi nyuzi 30, kwa hiyo imewekwa kwenye chumba cha nyuma cha lori, inapozwa na kiyoyozi kilekile. Jenereta ikizima katikati ya kipimo, kipimo hicho kimepotea. Yuko kijana ambaye kazi yake ni kuangalia dizeli tu. Mtaalamu wa maabara alimimina dawa kwenye kikopo, mara mbili ya kiasi cha makohozi, akafunga, akatikisa kwa nguvu, akaweka mezani na kutazama saa. Akatikisa tena. Baada ya robo saa ule ute mzito ulikuwa maji. Akaufyonza kwa bomba dogo la plastiki, akaudondoshea ndani ya katriji isiyozidi ukubwa wa ngumi, akaipachika kwenye moja ya milango minne ya GeneXpert. Mlango ukafunga kwa mlio mdogo.

Kilichokuwa kikiendelea humo ndani hakionekani. Bakteria wanapasuliwa, vinasaba vyao vinatolewa na kunakiliwa mara nyingi mno, na ikiwa ni vya TB mashine inavitambua na kueleza pia kama bakteria hao ni sugu kwa rifampisini, dawa iliyo mhimili wa tiba. Haimalizi saa moja na nusu. Bakteria wa kifua kikuu alitangazwa Berlin mwaka 1882, na kwa zaidi ya karne moja iliyofuata kipimo cha kawaida kilikuwa jicho la mtu kwenye darubini. Ili jicho hilo limwone, mililita moja ya makohozi ilipaswa kuwa na bakteria kati ya 5,000 na 10,000. Toleo jipya la kipimo cha GeneXpert linawanasa wakiwa 16 tu. Kuotesha vimelea maabara kulichukua wiki kadhaa, na katika wiki hizo mgonjwa wa TB sugu alikuwa akinywa dawa zisizomsaidia. Katriji moja inagharimu karibu dola 8 baada ya bei kushushwa mwaka 2023. Ni fedha nyingi kwa bajeti ya afya ya nchi zetu, na ugonjwa huu uliua watu wapatao milioni 1.25 duniani mwaka huohuo. Nadhani bei hiyo bado inafaa kuteremka.

Saa sita na nusu muuguzi alimwita yule mrefu pembeni. Hawakukaa. Walisimama karibu na gurudumu la mbele, na mimi nikaruhusiwa kusikiliza.

"Umekutwa nayo, kaka. Ila inasikia dawa."

"Nitakaa nje siku ngapi?"

Hakuuliza kitu kingine kwanza. Muuguzi alimweleza: apumzike wiki za mwanzo, asilale chumba kimoja na wengine, anywe vidonge kila siku kwa miezi sita. Miezi miwili ya mwanzo dawa nne ndani ya kidonge kimoja, miezi minne iliyobaki dawa mbili. Alipewa dozi ya kwanza palepale, pamoja na chupa ya maji. Alikunywa akiwa ameipa foleni mgongo. Kutoka picha hadi kidonge ilikuwa asubuhi moja. Kuhusu vile vidoa vingine, vya silika, muuguzi alimwambia ukweli: vitabaki, na kila siku ya vumbi itaongeza.

Angekutwa na ile sugu, safari yake ingekuwa nyingine. Njiani kuja huku nilipita Siha, upande wa magharibi wa Mlima Kilimanjaro, kwenye hospitali iliyojengwa miaka ya 1920 kwa ajili ya wagonjwa wa kifua, wakati dunia haikuwa na dawa yoyote ya TB na tiba ilikuwa hewa ya mlimani, chakula na kulala. Huko ni baridi, migomba imesongamana, asubuhi ukungu unashuka hadi kwenye paa. Nje ya wodi nilimkuta mzee mmoja aliyepona siku nyingi, ambaye huja kuwatia moyo wagonjwa. Nilimwamkia. Hakuitika. Muuguzi alinigusa bega, akanipa daftari.

Mzee hasikii. Tiba ya zamani ya TB sugu ilichukua hadi miaka miwili, na miezi minane ya mwanzo ilikuwa ya sindano. Sindano hizo ziliua bakteria, na kwa wagonjwa wengi ziliua pia seli nyororo za sikio la ndani, ambazo zikifa hazioti tena. Niliandika kumuuliza ilianzaje. Alichukua kalamu akaandika kwa herufi kubwa, zilizonyooka: ndege kwanza, halafu watoto, halafu redio.

Mwanamke kijana aliyekaa naye kwenye benchi alifungua mkebe wake wa dawa anionyeshe. Vidonge tu. Bedakwilini, iliyoidhinishwa Marekani mwishoni mwa 2012, dawa ya kwanza ya TB ya aina mpya kabisa baada ya miaka kama 40. Pretomanidi. Linezolidi. Moksifloksasini. Tangu 2022 mchanganyiko huu unapendekezwa kwa wagonjwa wengi wa TB sugu, kwa miezi sita, bila sindano hata moja, na katika majaribio uliponya karibu tisa kati ya kila kumi. Una taabu zake. Linezolidi hupunguza damu na kutia ganzi miguuni, na dada huyo alivua kandambili kunionyesha vidole ambavyo, alisema, ni vyake lakini havimsikii. Hupimwa damu mara kwa mara. Mzee alimtazama akimeza kimoja baada ya kingine, kisha akaandika tena, akanigeuzia daftari: "Sindano miezi minane. Huyu hachomwi."

Alasiri, Mererani, nilifuatana na mhudumu wa afya ngazi ya jamii kwenda kuwatafuta wanaolala na mgonjwa wa asubuhi. Tulikaguliwa langoni, tukaingia. Nyuma ya ukuta ardhi yote ni nyeusi. Vilima vya kifusi vimesimama kila upande, na juu yake wanawake wamejifunga kanga usoni wakichekecha mabaki kutafuta chembe za buluu. Kompresa zinapiga bila kupumzika. Mipira ya hewa imelala ardhini, inaingia kwenye mabanda ya mabati na kutoweka ndani ya mashimo. Nilichungulia mojawapo. Magogo ya kushikilia kingo, kamba, ngazi, kisha giza. Hewa iliyotoka humo ilikuwa ya moto, na ilinuka baruti na jasho. Wachimbaji wako mita mamia kadhaa chini, aliniambia msimamizi, na kupanda tu kunachukua muda mrefu.

"Shikamoo mama," msimamizi alimwamkia mhudumu.

"Marahaba, baba. Nimewafuata vijana wako."

Nane hulala kwenye kibanda kimoja. Msimamizi alikuna kidevu, akahesabu zamu. Wakitoka wote shimo litasimama. Mwisho wakakubaliana waje wanne kesho alfajiri na wanne keshokutwa, na mhudumu akamtaka aseme mbele yao kwamba jiwe likitoka wakiwa kwenye foleni mgao wao uko palepale. Alisema. Mhudumu aliandika majina yote manane kwenye daftari.

Kisha akauliza kuhusu maji. Drili ikipitishiwa maji, vumbi linalowa kabla ya kuruka. Hayo ni maarifa ya zaidi ya miaka mia moja, hayahitaji kompyuta wala katriji. Msimamizi alinyanyua drili iliyokuwa imeegemezwa ukutani akatuonyesha tundu la maji ubavuni mwake. Lilikuwa limezibwa kwa kitambaa, na kitambaa kimeganda kwa grafaiti.

"Maji hapa tunanunua kwa boza, mama. Ya kunywa yenyewe hayatoshi."

Niliumia kuliona tundu lile kuliko picha yoyote niliyoiona asubuhi. Mhudumu hakubishana naye. Aliomba namba ya mwenye mgodi, akapiga hapohapo, sauti ya kompresa ikimlazimu kuziba sikio la pili kwa kidole. Iliita mpaka ikakata. Akaiandika namba hiyo chini ya yale majina manane.

"Anapatikana saa ngapi?"

"Jioni. Anakuwa mjini, kwa madalali."

"Basi nitamfuata hukohuko."